Mfaidi Mtoto Kabla Hajapaa

Barua ya chuo kikuu ikishaingia kwenye simu ya binti yako, cheo chake nyumbani hupanda bila kikao. Jana alikuwa mtu mzima wa miaka 24 anayemaliza umeme kwa pasi na kuacha vikombe chini ya kitanda. Leo ni mgeni wa heshima. Tuchukulie anakwenda Leipzig, Ujerumani, kusoma shahada ya pili. Muhula wa baridi huko huanza Oktoba, kwa hiyo umebakiwa na Juni, Julai, Agosti na kipande cha Septemba, miezi ambayo kwa Wajerumani ni kiangazi na kwetu Dar es Salaam ni wakati wa kutoa masweta sandukuni. Masika yameondoka na matope yake, kusi inavuma, na alfajiri za Julai joto hushuka hadi nyuzi 19 hivi, kiasi cha kuwafanya watu wazima wasalimiane kwa kulalamika. Hakuna msimu unaofaa kuliko huu kwa kukaa na mtoto.

Mwongozo huu utakusaidia kuumaliza. Umefuata mila zetu zote, yaani mtoto mwenyewe hakuulizwa.

Anza na siri. Safari haitangazwi kabla viza haijatoka. Kijicho kipo, na afisa wa viza naye ni binadamu. Kwa hiyo mwambie dada yako tu. Na jirani wa kushoto, maana alishaona bahasha. Na muuza nyama, aliyekuuliza mbona unachukua maini tarehe 17. Baada ya wiki moja utapigiwa simu kutoka Songea na mtu atakayekupa hongera ya mtoto kwenda Urusi kucheza mpira. Usimsahihishe. Uvumi wa namna hiyo ndio ulinzi bora wa siri yako.

Kisha iundwe kamati. Mwanafunzi asiye na ufadhili anayekwenda Ujerumani hutakiwa aonyeshe fedha za kujikimu za mwaka mzima, na tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904. Huwekwa katika akaunti iliyozuiwa, naye akishafika huko huruhusiwa kuchota euro 992 kwa mwezi, basi. Isome tena taratibu hiyo. Kuna taifa lililokaa chini likabuni njia ya kumzuia kijana asimalize hela tarehe tano. Sisi tumehangaika na jambo hilohilo miaka ishirini tukiwa na silaha moja tu, kelele.

Kamati itafunguliwa kundi la WhatsApp. Kikao cha kwanza kitachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha kitaagiza soda kwa gharama yako. Kikao cha pili kitapokea ahadi. Kikao cha tatu kitapokea udhuru. Hapo katikati shangazi atapendekeza sherehe: ukumbi, MC, sare ya kitenge na keki yenye umbo la ndege. Mkumbushe kwamba binti haolewi, anakwenda shule. Atakujibu kuwa ndiyo sababu yenyewe. Huenda akaolewa hukohuko, nasi tukabaki bila kula. Hoja hii haina jibu. Lipieni ukumbi.

Sasa kuaga. Kanuni ya kuaga inajulikana: anayeondoka ndiye anayezunguka, na ndugu asiyeagwa ana haki ya kununa mpaka mjukuu wako wa kwanza atakapobatizwa au kufanyiwa akika. Yupo mjomba Dodoma, yupo bibi Lushoto, yupo mama mkubwa Kigamboni, na yupo mtu Kibaha ambaye hakuna anayekumbuka undugu wake lakini huwa anauliziwa misibani. Mzazi asiye na mwongozo huiona ratiba hii kuwa adhabu. Mzazi mwerevu huiona ilivyo: ni saa nyingi za kukaa na mtu ambaye hawezi kushuka.

Hapa ndipo wazazi wa siku hizi wanajiibia wenyewe. Treni ya SGR, iliyoanza kazi 2024, inafika Dodoma kwa muda usiotimia saa nne. Mtapanda, ataweka visikizi masikioni, mtashuka. Basi, kwa upande wake, lina kona, lina mizani, lina wauza mahindi madirishani, na karibu na Gairo chaji ya simu yake itaisha. Chagua basi lisilo na pa kuchajia. Baada ya Gairo mtoto huanza kuzungumza. Kwanza atazungumzia njaa, kisha dereva, kisha, kama hukuharibu kwa kudakia, atakuambia jambo moja la kweli kuhusu anavyoogopa kuondoka.

Kigamboni vivyo hivyo. Daraja la Nyerere limekuwapo tangu 2016 kwa ajili ya watu wenye haraka, na wewe haraka ya nini? Nendeni Magogoni mkasubiri pantoni. Mkiwa na bahati itajaa mbele yenu, mkalazimika kungoja ya pili, mkala karanga.

Lushoto kwa bibi usiikose; asiye na bibi huko atafute. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai ukungu unaingia mpaka jikoni. Wajerumani wa enzi ya ukoloni walipanda hapo kulikimbia joto la pwani, wakapaita Wilhelmstal. Ni haki basi mtoto wa pwani naye apande kujizoeza baridi yao. Wewe utatetemeka, yeye atavua sweta ili apige picha ukingoni mwa jabali la Irente, nawe utatumia fursa hiyo kumtangazia kwamba baridi ya Ulaya ndiyo hii. Si kweli hata kidogo. Januari huko maji huganda, na Desemba jua la Leipzig huzama saa kumi jioni, wakati huku wanafunzi ndio kwanza wanatoka shule. Lakini hayo ameshayasoma yeye. Atakuitikia "ndiyo, mama" kwa huruma, na huruma ya mtoto ni kitu cha kufaidiwa mara chache.

Koti la baridi lenyewe nunueni Karume. Inawezekana kabisa lilikuja na robota kutoka Ujerumani; litakuwa linarudi kwao.

Kila mtakapofika kuaga mtapewa nasaha, na nasaha hutolewa na watu kwa kadiri wasivyosafiri. Baba mdogo, ambaye safari yake ya mbali kabisa ni Namanga, atamweleza taratibu za uhamiaji za uwanja wa Frankfurt. Mwenye deni lako la tangu mwaka juzi atamsihi asisahau alikotoka. Wote watamwambia asibadilike, kisha watamwambia arudi akiwa mtu mwingine.

Mmoja tu ndiye atakuwa na ujuzi. Koo nyingi za huku pwani, hasa zenye mizizi Zanzibar, zina mzee aliyesoma Ujerumani Mashariki. Zanzibar ilishikana mkono na nchi hiyo mwaka 1964, na maghorofa ya Kikwajuni yamebaki kuwa ushahidi. Wanafunzi wa kigeni wengi walianzia Leipzig, kwenye Taasisi ya Herder, kujifunza Kijerumani. Mzee huyo basi anaujua mji mtaa kwa mtaa. Tatizo ni dogo: nchi aliyosomea ilifutika Oktoba 1990, mwaka mmoja baada ya watu wa mji huohuo kuandamana Jumatatu baada ya Jumatatu mpaka serikali ikalegea. Kwa hiyo atamshauri binti yako achukue sabuni za kutosha na kahawa ya kubadilishana, asizungumze siasa mgahawani kwa sababu meza ya pili kuna mtu anaandika, na akipata foleni popote ajiunge kwanza ndipo aulize kinachouzwa. Binti atasikiliza hadi mwisho, mikono mapajani, bila kugusa simu. Mtazame vizuri akiwa amekaa hivyo. Hiyo ndiyo adabu uliyoilipia, na hapo unaiona ikifanya kazi.

Kinachowatesa mabibi ni swali la mapokezi: huko ugenini atapokewa na nani? Jibu lipo. Kutoka Leipzig hadi Berlin ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa treni, na huko anaishi mzaliwa wa Lindi aliyekwenda zamani. Ni mjusi wa Tendaguru, aliyechimbuliwa kati ya 1909 na 1913, ambaye mifupa yake imesimama katika jumba la makumbusho kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Ni mkubwa kiumri, ni mtulivu, hana mambo mengi, na kwa habari za kurudi nyumbani wabunge wetu wameshamwulizia zaidi ya mara moja bila mafanikio. Binti apewe salamu zake. Hilo la kutorudi usilitaje mbele ya bibi.

Mizigo ni somo linalojitegemea. Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la kilo 23, mengine mawili. Ukoo wako unaamini kwamba hizo ni kilo za kuanzia. Utaletwa unga wa sembe, mchele wa Kyela, korosho, ubuyu, achari ya embe, karanga za kusaga, majani ya chai ya kutosha kikosi, na pilipili iliyokaushwa juani na mtu aliyemwona binti yako mara ya mwisho akiwa hana meno. Sheria za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri kuingiza nyama wala maziwa, kwa hiyo sambusa na samli zibaki zikaliwe na waliobaki. Maembe yanadai cheti cha afya ya mimea. Ndizi na nanasi hazidai. Asali mwisho kilo mbili. Samaki waliokaushwa, hadi kilo 20. Takwimu hii ya mwisho tafadhali isimfikie shangazi. Akisikia ishirini ataichukua kuwa ni amri, na kesho yake atakuwa Feri na kiroba.

Azimeni mizani ya muuza mchele, mpime begi kila jioni. Hakuna burudani ya familia inayoshinda hii. Usiku binti atatoa dagaa na kuweka vitabu. Alfajiri shangazi atatoa vitabu na kurudisha dagaa. Wewe kaa pembeni unywe chai. Ukiingilia utawachosha, na wakichoka watakubaliana.

Sasa tuje kwa mtoto mwenyewe, ambaye mpaka hapa hajapewa nafasi ya kusema neno.

Utakuwa umemwandalia ratiba. Mwende Sabasaba pamoja, kama alipokuwa na miaka saba. Mle samaki pamoja, mpange picha za zamani pamoja, Jumamosi mkae tu pamoja. Atakujibu, "Tutaona, mama." Ukweli ni kwamba naye ana orodha ya watu anaotaka kuwafaidi kabla hajaondoka, na wewe hukuingia tatu bora. Wapo marafiki wa sekondari, wapo wa chuo, ipo mihogo ya Coco Beach ambayo ghafla haiwezi kuliwa isipokuwa kila Ijumaa, na yupo kijana mmoja mrefu anayetajwa kwa jina la "yule wa kikundi cha majadiliano", ingawa majadiliano yaliisha na chuo mwaka jana. Usiulize. Huyo kijana naye anaagwa, na huenda anaumia kuliko ukoo mzima.

Hivyo utampata kwa mabaki, na mabaki yana ufundi wake. Kwanza hamia karibu na friji. Mtoto mtu mzima hupita hapo mara nyingi kuliko anavyopita sebuleni, na akikuta hapo kiti chenye mtu atasalimia. Pili, nunua ekstenshen nzuri, uiweke ubavuni mwa kiti chako, halafu soketi ya chumbani kwake ianze kusumbua. Sisemi isumbuliwe na nani. Tatu, uwe na kazi mkononi. Chambua mchele, chambua mchicha, tafuta nazi ukune hata kama hakuna atakayekula. Mtu akiona mzazi amekaa bure anamtazama, anakumbuka miadi. Akimwona anatoa mawe kwenye mchele, anakaa, anaanza naye kutoa mawe, na baada ya muda anatoa na mengine yaliyokuwa yamemkaa moyoni. Maswali ya moja kwa moja hayaruhusiwi. "Una mawazo gani?" humfukuza mtoto hadi Mbezi.

Nne, LUKU. Usiwahi kununua umeme Jumamosi. Acha uniti ziishe zenyewe saa mbili usiku, wakati kila mmoja yuko chumbani kwake na skrini yake, kisha sema kwa sauti ya masikitiko kwamba mtandao wa malipo unasumbua. Dakika kumi hazitapita kabla nyumba nzima haijatoka nje kwenye mkeka. Mdogo wake ataanza kuiga sauti ya mwalimu wa zamani, yeye atamsahihisha, watacheka mpaka waanze kupigana mito. Malipo yatapita saa nne.

Tano, kama una gari, mpeleke anakotaka, na hasa umpeleke saa kumi na moja jioni kwa Barabara ya Bagamoyo. Watu wawili waliokaa bega kwa bega, wote wakitazama mbele, husema yale ambayo mezani hayasemeki. Wazazi wengi wa mji huu wamezisikia habari za uchumba, za kuacha kazi na za kubadili dini palepale taa ilipogoma kuwa ya kijani. Ukiona foleni imefunguka, punguza mwendo. Watapiga honi, hawana mtoto anayeondoka.

Kuhusu vikombe vya chini ya kitanda, endelea kugomba kama kawaida. Nasisitiza hili kwa sababu ndipo wengi wanapoanguka. Ikifika Agosti mzazi huingiwa na upole wa ghafla: anagonga mlango taratibu, anapeleka chai chumbani, anaokota nguo akitabasamu. Mtoto anayeamshwa saa tano asubuhi kwa sauti laini hujua kuna mgonjwa nyumbani, na atataka kuambiwa ni nani. Mfokee. Amezoea, na kwenye kelele zako hizo ndipo anapojua kuwa mambo yako sawa. Ukimaliza kufoka, chukua vikombe mwenyewe, lakini bakiza kimoja ili kesho uwe na pa kuanzia.

Limebaki suala la mapishi, na hapa panataka akili. Binti atakuja na daftari na kalamu akitaka vipimo. Bibi yake, aliyepika pilau ya harusi nyingi kuliko anazokumbuka, atamwambia aweke chumvi kiasi, maji yanayotosha, moto usiwe mkubwa, aipue ikishakuwa. Binti ataomba gramu. Bibi ataomba maji ya kunywa. Wewe usijaribu kuwasuluhisha, na zaidi ya yote usimfundishe mtoto kila kitu. Mfundishe pilau, lakini usimtajie kwamba mchele mpya na wa zamani haulingani kwa maji. Mfundishe kufua nyeupe, umfiche namna ya kutoa mafuta ya nazi kwenye blauzi. Samaki wa kupaka mfundishe mpaka katikati, kisha upate simu ya ghafla. YouTube inajua pilau ya kila mtu isipokuwa ya kwenu, na mtoto aliyehitimu jikoni kwako ana sababu moja pungufu ya kukupigia. Wako wazazi wenye sifa ya kuwaandaa watoto wao kikamilifu. Waulize wanapigiwa mara ngapi kwa mwezi.

Siku yenyewe haitaki maelezo marefu. Mtafika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, jengo la tatu, lile lililofunguliwa 2019, mkiwa mmejaza Koasta. Kutakuwa na dua, kutakuwa na picha, na pasi ya kusafiria itatafutwa kwa jasho na kupatikana kwenye mkoba wa shangazi alipoiweka isipotee. Dagaa watatolewa begini mbele za watu. Askari wa mlangoni ataomba kuona pasi na tiketi, na wewe huna.

Kisha usipige simu wewe. Saa za Leipzig ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba wenyewe wanazirudisha nyuma zikawa mbili, hivyo simu yako ya baada ya swala ya alfajiri itamkuta katikati ya usingizi. Isitoshe, ana watu wa kusema nao. Chuo chake kinafundisha Kiswahili, na ndani ya mwezi mmoja atakuwa amekutana na Mjerumani wa kumsahihisha ngeli. Subiri. Uliyoyaficha jikoni yatafanya kazi yake.

Simu itakuja Jumapili jioni. Utaona sufuria nyuma yake, na mtu akipita kuchukua maziwa kwenye friji ya watu wote. "Shikamoo mama. Hivi haya maharage yanachukua muda gani?" Itikia marahaba, wala usikimbilie jibu. Muulize ni ya rangi gani. Muulize kama ameyachambua, na kama aliyaloweka tangu jana. Akikuambia ni ya kopo, yalishachemshwa kiwandani, nyamaza kidogo mithili ya mtu anayepiga hesabu, kisha mwambie yanataka saa mbili, moto mdogo, na asikate simu mpaka yaive.